Bwana Masikio Chini ya Taa Moja

“Na sikio langu la pili umelipeleka wapi?”

Hilo ndilo lilikuwa swali la Baba kila alipomaliza kukaa ili achorwe. Alishuka kwenye kiti cha kuzunguka, akanyoosha mgongo mpaka ukalia, akavaa miwani yake, akaja kusimama nyuma ya binti yake na kuinamia turubai kama mtu aliyedondosha kitu.

“Lipo, Baba,” Kiza akamjibu. “Lipo kivulini.”

“Lipo kivulini.” Baba alilirudia jibu taratibu, kama anayeonja mchuzi asiojua umepikwa na nani. “Mteja akija hapa, nikampa picha yenye sikio moja, nikamwambia usijali, lile jingine lipo, lipo kivulini, unadhani ataniambia nini?”

“Mimi si mpiga picha, Baba.”

“Hilo naliona.”

Kiza halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na shangazi yake, dada wa Baba, mwenye saluni ya mlango wa pili, siku ile binti alipomaliza chuo cha sanaa na kurudi nyumbani na turubai zake zote. Shangazi alizipanga ukutani moja baada ya nyingine. Mwanamke anayesuka mwenziwe, mzee anayefunga kamba za viatu, msichana aliyepitiwa na usingizi mezani. Kila mmoja nusu ya uso wake inawaka kwa mwanga mkali, na nusu nyingine imezama kwenye weusi. Shangazi alizitazama weee, kisha akauliza kwa huruma ya kweli, “Huko chuoni umeme ulikuwa wa shida sana, eh?” Tangu siku hiyo jina la Kiza likamganda, na mwenyewe akaacha kulipigania.

Baba naye alikuwa na lake. Mtaa mzima walimwita Bwana Masikio, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye kile kiti cha kuzunguka asisikie maneno yale yale: “Kidevu juu kidogo. Masikio yote mawili, tafadhali.” Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti na vitambulisho, na katika kazi hiyo adui alikuwa mmoja tu, kivuli. Taa zake mbili za miavuli myeupe zilisimama kulia na kushoto kwa urefu uliolingana kabisa, na umbali wake na kiti aliupima kwa kamba aliyoifunga fundo. Kivuli cha nyuma ya shingo alikifukuza kwa kumsogeza mteja mbali na shuka jeupe. Kivuli cha chini ya pua alikifukuza kwa karatasi nyeupe ambayo mteja aliipakata mapajani ili mwanga umrudie usoni. Mtu akitoka kwenye mikono ya Bwana Masikio, hakuna karani duniani aliyeweza kusema kwamba uso wake hauonekani.

Na huyu ndiye aliyemzaa Kiza.

Sasa, mambo yalianza hivi. Ukumbi wa maonyesho wa mjini uliwaalika wachoraji chipukizi, kila mmoja alete mchoro mmoja wa mtu. Kiza alipopata ule ujumbe aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa, kisha akaenda kumsomea Shangazi kwa sauti. Tangu atoke chuoni, ukiacha wateja wa Shangazi, hakuna mtu asiye wa ukoo aliyewahi kuiona kazi yake. Na hata kabla hajafikiria, alishajua atamchora nani. Angemchora baba yake. Alitaka watu wasiomjua wasimame mbele ya uso ule na wakae kimya kidogo, kama yeye alivyokaa kimya mara nyingi akimtazama mezani, bila mwenyewe kujua.

Gari la ukumbi lingepita Ijumaa asubuhi kukusanya michoro. Ambaye hana wa kwake, nafasi yake anapewa mwingine.

Baba alikubali kwa shingo upande, na kwa sharti. Alikuwa na sababu. Kiza alishamchora Shangazi akiwa amekaa chini ya kikaushio cha nywele, na Shangazi, kwa upendo, akauning'iniza mchoro ule saluni. Haikupita wiki wateja wakaanza kuingia kwa sauti za chini na kumshika mkono. “Pole, dada. Nani?” Mama yake Kiza alipoyasikia hayo akasema yeye ana kazi nyingi, asisumbuliwe. Kwa hiyo Baba alimsimamisha binti yake mbele ya Shangazi kama shahidi, akamwambia, “Utachora unavyotaka. Sitakuingilia. Lakini picha haitoki mlango huu mpaka mimi niseme itoke.”

“Sawa, Baba.”

“Sema vizuri.”

“Haitoki mpaka wewe useme itoke.”

“Shahidi amesikia?”

“Shahidi amesikia,” akasema Shangazi, “na shahidi ana mteja anaungua kichwa.”

Walifanya kazi mchana, wakati ambao studio haikuwa na watu. Kiza alivuta pazia la mlangoni nusu, akazima taa ya kushoto, akaishusha ile ya kulia na kuisogeza karibu kabisa na bega la Baba. Miwani alimvua, maana ilimetameta. Hapo uso wa baba yake ukabadilika. Mfupa wa shavu ukatokeza, mikunjo ya jicho ikawa mirefu kama mistari ya kiganja, na upande wa pili ukayeyuka taratibu kwenye weusi. Kiza alichopenda kuliko vyote ni pale mwanga ulipokuwa unaisha. Watu walidhani ni mstari tu, kumbe pale palikuwa na kahawia, na buluu, na wekundu kidogo kama wa ukucha ulioshikwa mbele ya jua. Angeweza kukaa siku nzima akichanganya rangi kwa ajili ya sehemu isiyozidi upana wa kidole.

“Shingo inaniuma,” Baba alisema.

“Usiongee, Baba. Mdomo unahama.”

“Na wewe ukinyamaza nitaongea na nani?”

Shangazi alikuwa akipita kila alipopata mwanya, taulo begani, harufu ya shampuu ikimtangulia. “Nimekuja kumtazama mgonjwa,” alisema siku moja, akiwa na kikapu cha sokoni mkononi. “Kaka, unaendeleaje? Wanakupa chakula?”

“Usiongee naye, Shangazi. Atajibu.”

Shangazi akazunguka, akautazama mchoro. Akautazama kwa upande mmoja, akautazama kwa upande mwingine. “Mwanangu, huyu amefiwa na nani?”

“Hajafiwa.”

“Basi jino linamsumbua.”

Kiza akaweka brashi chini. Alikuwa na umakini fulani katika mambo haya, umakini wa mtu ambaye juzi tu alikuwa anayasikiliza darasani na bado anayaamini yote. “Shangazi, mwanga ukitoka pande zote huoni kitu. Unaona tu kwamba kila kitu kipo. Mwanga wa upande mmoja unachagua. Unakuonyesha uzito wa mtu. Unakuonyesha kilicho muhimu.”

“Na sikio langu si muhimu,” Baba akasema kutoka kitini.

“Baba, mdomo!”

Lakini Baba alishashuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu cha dada yake, akachukua kiazi kimoja kikubwa, akakiweka juu ya kiti pale alipokuwa amekaa yeye. Kisha akarudi nyuma, mikono kiunoni.

Watatu wote walikitazama. Kiazi kilikuwa kimekaa chini ya ile taa moja, upande wake mmoja ukiwaka kama dhahabu, vishimo vyake vyote vikionekana, na upande wa pili umepotea gizani.

“Mnakiona?” Baba akasema. “Hiki kimetoka jela.”

“Masikini,” akasema Shangazi. “Kimeacha familia.”

Kiza alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika stendi ya kuchorea isianguke. Akajifuta machozi, akaenda kwenye ukuta, akawasha taa ya kushoto. Vishimo vikafutika. Kiazi kikawa bapa, cheupe, kimetoa macho.

“Na hiki sasa,” akasema, “kinatafutwa na polisi.”

Shangazi mbavu hana. Ilibidi akae. Baba mwenyewe alifunika mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalimsaliti.

“Sawa,” alisema alipopata pumzi. “Lakini changu kitapata pasipoti. Chako hakivuki mpaka.”

Ndivyo walivyokuwa. Kiza alicheka nao, na kicheko kilipokwisha alirudi kwenye turubai na kuongeza weusi kidogo, kwa ukaidi.

Kilichomkera ni wateja. Hawakuwa wengi, maana siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, lakini kila alipoingia mmoja, Baba aliruka kutoka kitini kama aliyekalia msumari. Alisogeza taa, alisogeza kiti, alisogeza kidevu cha mtu. Kiza alikuwa akigeuka ukutani na kuosha brashi zake kwa hasira ya chinichini, akisubiri zile fujo zipite ili baba yake arudi kukaa, apoe, uso umtulie, apate ule ukimya aliokuwa anautafuta.

Siku moja kabla ya kumaliza, akaingia mkunga. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye hatua za haraka, aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, na alihitaji picha kwa ajili ya leseni yake ya kazi. Alikuwa ametoka zamu na anakwenda zamu.

“Bwana Masikio, niwahi. Kuna mama nimemwacha anahesabu pumzi.”

Baba aliruka. Akamkalisha. Akampakatisha karatasi nyeupe. “Kidevu juu kidogo. Masikio yote mawili, tafadhali.” Akapiga, akatoa nakala, akazikata, akazitia kwenye bahasha, na mkunga akaondoka mbio kama alivyoingia. Kiza, aliyekuwa amewapa mgongo, akakausha brashi na kusema, “Tuendelee?”

Kesho yake asubuhi mkunga akarudi. Mara hii hakuwa na haraka. Aliweka bahasha juu ya kaunta, akailaza mikono yake pembeni.

“Nimekwenda ofisini,” alisema. “Nimesubiri zamu yangu. Nimefika dirishani. Unajua karani kaniuliza nini?”

“Kakuuliza nini, mama?”

“Kaniuliza nusu nyingine nitaileta lini.”

Baba alivaa miwani, akachomoa picha. Kiza alimwona akibadilika rangi. Taa ya kushoto! Aliisahau. Iliachwa imezimwa kwa ajili ya mchoro, na miwani yake ilikuwa juu ya printa, na yeye, kwa haraka, alipiga picha akiwa anaona ukungu mtupu. Tangu enzi za filamu, hakuna picha ya Bwana Masikio iliyowahi kukataliwa dirishani. Hii ilikuwa na sikio moja, jicho moja zima na la pili la kukisia, na shavu lililokuwa linashuka gizani kama mteremko.

Alimkalisha mkunga upya, akawasha taa zote mbili, akapima kwa kamba, akapima tena, akapiga, akaisogeza kamera karibu na pua kuhakikisha. Alipomkabidhi bahasha mpya, akanyoosha mkono. “Nipe hizo za jana nizichane.”

“Zipi? Hizi?” Mkunga alishazirudisha mkobani. “Thubutu.”

“Mama, hizo ni makosa.”

“Makosa ni yako. Picha ni yangu.” Akachomoa moja na kuitazama tena, na sauti yake ikashuka. “Kwenye picha zangu zote naonekana kama nimeulizwa swali nisilojua jibu lake. Hapa nimetulia. Hivi ndivyo ninavyokuwa nikiinamia tumbo la mama, nasubiri kusikia moyo wa mtoto. Sikujua kama nakuwa hivi.” Akaifuta vumbi kwa kidole. “Naitaka kubwa. Ya ukutani.”

Kiza, nyuma ya stendi yake, alitaka kurukaruka. Hakuruka, kwa kumwonea baba yake huruma. Ila Shangazi hakuwa na huruma ya namna hiyo. Habari ilipomfikia, alikuja mlangoni na vibanio vya nywele mdomoni.

“Kaka, nasikia picha yako nzuri kuliko zote umeipiga bila miwani.”

“Nenda kaoshe watu vichwa.”

“Kumbe miwani ndiyo iliyokuwa inakukwaza? Ungeivua mapema.”

Basi Kiza akajua mambo yamekwisha, Baba hawezi tena kukikataa kivuli. Alhamisi, kabla ya mchana, alitia alama ya mwisho, nukta ndogo ya mwanga kwenye mdomo wa chini, akarudi nyuma kuutazama. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote aliyowahi kuchora. Baba alikuwa amekaa pale, nusu mwangani, mikono mapajani, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kiza akamwita.

Baba alikuja, akavaa miwani. Hakuuliza habari za sikio. Alisimama muda mrefu, na kadiri alivyosimama ndivyo Kiza alivyokuwa na uhakika zaidi, mpaka aliposikia baba yake akishusha pumzi.

“Hapana, mwanangu.”

Kiza alidhani ni utani. Akangoja sehemu ya pili ya utani. Haikuja.

“Kwa sababu ya kivuli? Baba, lakini mkunga...”

“Mkunga anasikiliza. Unaona kabisa kwamba kuna mtu anamsikiliza. Huyu hapa anamsikiliza nani?” Akaelekeza kidole, bila kugusa. “Umenichora sawasawa. Sikuwa najua kama unaona hivyo. Huyu ni mimi saa tisa mchana, mlango uko wazi na hakuna anayeingia. Nakaa kwenye kiti cha wateja kwa sababu ndicho kinachotazama mlango.” Akavua miwani. “Nikirudi nyumbani namwambia mama yako leo palikuwa na watu. Sasa wewe unataka kumtundika huyu mjini, chini ya taa, kila mtu amwone.”

Baba alimgusa Kiza bega, kwa upole, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosa, akaenda nyuma ya kaunta na kuanza kupanga bahasha ambazo zilikuwa zimepangwa.

Wazo baya lilikuja lenyewe, bila kuitwa. Baba hajawahi kukanyaga ule ukumbi. Kiza angeuzungushia mchoro shuka, akaupakia garini, wiki ingepita, angeurudisha, na maisha yangeendelea. Alilitazama wazo lile kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akaushika mchoro kwa kingo zake na kuugeuzia ukutani. Akatoa simu ili awaambie watu wa ukumbi wampe mwingine nafasi.

Alikuwa bado anatafuta namba pale Shangazi alipoingia kwa kishindo. “Kaka! Picha ya kibali cha saluni, fasta. Nina mteja ana dawa kichwani, nimemwambia nahesabu mpaka mia.”

Na Baba akaruka.

Mara hii Kiza hakuwa na brashi za kuosha. Hakuwa na ukuta wa kugeukia. Alisimama tu pale, simu mkononi, akamtazama. Yule mtu wa saa tisa mchana alikuwa ametoweka kabisa. Baba alimzungusha Shangazi kitini, akamkung'uta nywele begani, akamtania kuhusu kidevu chake cha pili, kisha akainama kuipandisha ile taa ya kulia, iliyokuwa bado chini kwa sababu ya mchoro. Uso wake ukaja karibu kabisa na mwavuli. Mwanga ukampiga wote, paji, pua, meno, maana alikuwa anacheka. Mkono wake ulioshika nguzo ya taa ukawa mwekundu kwenye kingo za vidole. Na nyuma yake, studio yote ikazama kwenye weusi. Hakuna aliyeipanga taa ile. Alijipangia mwenyewe, akiwa kazini, na kila siku Kiza alikuwa akigeuka asimwone.

“Baba, usisogee!”

“Nimemkalisha mteja.”

“Ndiyo, endelea na kazi. Lakini usisogee.”

“Niendelee au nisisogee?”

“Vyote!”

Alishaburuta turubai nyingine, ile pana aliyokuwa ameiandaa kwa kazi ya baadaye. Alianza na brashi kubwa kuliko zote.

“Na mimi?” akauliza Shangazi. “Niko themanini na mbili. Yule mtu atatoka upara.”

Ilibidi aachiliwe, na mahali pake ukawekwa mto wa kochi la saluni, umevikwa taulo lake ili upatikane urefu wa mabega. Baba alisimama mbele ya mto, mkono kwenye taa, amekosa cha kufanya na uso wake.

“Sijui nimwambie nini huyu.”

“Mwambie unayomwambia kila mtu.”

Baba akaufikiria mto. Akasafisha koo. “Mama,” akauambia, “hebu usinune. Picha hii utakaa nayo miaka kumi.” Na uso ukarudi.

Wateja wawili waliingia jioni hiyo, na mara hii Kiza aliwashukuru mmoja mmoja. Baba aliwapiga picha zao, akarudi kwenye mto. Mkono ulipochoka alibadilisha, akaonywa, akaurudisha. Wakati fulani, bila kuulizwa, aliishusha taa kidogo.

“Hivi kivuli cha pua kinakuwa laini,” akasema. “Kile cha kwanza kilikuwa kinakata kama kisu.”

Kiza akatazama. Ilikuwa kweli. “Baba, unanisaidia kutengeneza kivuli?”

“Namsaidia mto.”

“Kwa hiyo unajua kuvitengeneza.”

“Ungejuaje kumfukuza mtu usiyemfahamu?”

Alifanya kazi bila kuketi. Sehemu kubwa ya turubai ilikuwa weusi, na Shangazi alipokuja kufunga saluni na kushangaa kwamba mchoro umekaribia kwisha, Kiza alimwambia hiyo ndiyo faida ya jina lake, halichukui muda. Ulipokamilika, Baba alivaa miwani, akautazama. Kiza alitazama sakafu. Baba akasema Mama atakuwa ameshaandaa chakula, akachukua koti lake, na njia nzima akazungumzia bei ya karatasi za picha.

Ijumaa asubuhi gari la ukumbi lilisimama nje. Kiza alikuwa amesimama kando ya stendi tangu studio ilipofunguliwa. Kucha zake zilikuwa na rangi, na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Dereva aliingia akisoma karatasi. “Nimeambiwa kuna picha hapa.”

“Ipo,” Kiza akasema. “Ila...”

Akamtazama baba yake. Baba alikuwa nyuma ya kaunta, anafuta kioo kilichokuwa safi. Hakuinua kichwa. Dereva alingoja, akachoka kungoja, akaufuata mchoro na kuudaka kwa juu.

“Wewe! Wewe bwana!” Kitambaa cha kufutia kioo kilianguka. Baba alishatoka nyuma ya kaunta. “Hiyo mbichi! Unaishika hapo juu kama unatoa mbuzi zizini? Chini. Viganja chini. Vidole nyuma ya fremu, visiguse mbele.”

“Mzee, mimi nabeba picha kila siku.”

“Za watu wengine.”

Akaushika yeye upande mmoja, dereva upande wa pili, wakaanza kwenda kwa hatua fupi fupi, kama wanaobeba sufuria la maji ya moto. Walipofika mlangoni wakakwama. Turubai ilikuwa pana, na mlango ulifunguliwa bawa moja tu miaka yote.

“Baba,” Kiza akasema. Sauti ilimtoka ndogo. “Hujasema.”

“Nisemeje? Nimeshika picha mbichi kwa mikono yote miwili, unataka nitoe hotuba? Njoo ufungue bawa hilo jingine.”

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Kiza alilivuta, likagoma. Akalipiga kwa kisigino cha kiganja, mara moja, mara mbili, likaachia na vumbi likamwagika mpaka kwenye nywele zake. Mlango ukafunguka wote. Baba akatoka kinyumenyume hadi barabarani, akimwambia dereva apunguze mwendo, na akiwaambia waliokuwa wakipita, ambao hawakuwa wameuliza kitu, kwamba wapishe, wapishe kidogo, rangi haijakauka.